Shimo la Nne

Mapenzi mengine huanza kwa maua. Haya, kwa masikitiko makubwa, yalianza kwa kiatu chenye rangi.

Ilikuwa Jumamosi, saa ambayo duka la kuchapisha ramani na matangazo hujaa kama bwalo la shule siku ya nyama. Mashine zilinguruma, hewa ilinuka wino wa moto, na kila mteja alikuwa na haraka kuliko mwenzake. Msanifu wa viwanja vya gofu, kijana mrefu mwenye shati la bluu lililopigwa pasi upande wa mbele tu, alikuwa ametandaza mchoro wake sakafuni kwa sababu meza zote zilikuwa na wenyewe. Hapo akaingia mchora vibao, kinyumenyume, amekumbatia ubao mkubwa kuliko yeye, kitambaa cha njano kichwani, ovaroli ya kijivu iliyojaa madoa. Akakanyaga katikati ya mchoro kwa kiatu kilichotoka kukanyaga rangi nyekundu.

"Dada! Umekanyaga shimo la nne!"

"Shimo?" Akatazama chini. "Mbona sijatumbukia?"

Duka zima likacheka. Msanifu akapiga magoti kuitazama alama ile, soli nzima na kisigino chake, imekaa safi kama muhuri wa serikali.

"Namba thelathini na nane," alisema.

"Ndiyo namba ya kuripoti polisi?"

"Ya kiatu chako."

"Heee! Unapima wanawake kwa nyayo? Hivi wewe una kazi kweli?"

"Nachora viwanja vya gofu."

"Yaani umesoma miaka yote hiyo ili uchimbe mashimo."

"Kumi na nane tu. Na wewe?"

"Nachora vibao."

"Na kupiga unapiga?"

"Endelea kuuliza, utajua."

Basi wakapendana. Wataalamu watabisha kwamba ilikuwa mapema mno, lakini wataalamu hawakuwepo dukani.

Msanifu alikuwa ameajiriwa kuufufua uwanja wa zamani wa gofu pembezoni mwa jiji. Siku chache baadaye meneja wa klabu akasema vibao vya namba vimeoza, vinahitajika vipya. Msanifu akakuna kidevu, akatazama dari, akasema kwa mbali sana anamkumbuka mtu mmoja. Jumatatu mtu huyo alikuwa getini na makopo yake ya rangi.

Msanifu akaanza kumtembeza. Wapenzi wengine hutembezana kwenye bustani. Hawa walitembea nyuma ya mashine ya kukata nyasi, yeye akihutubia kuhusu wasanifu waliotangulia, kama mtu anayesimulia habari za wajomba zake.

"Uwanja wa kwanza katika eneo hili ulichorwa na mpimaji wa reli. Shimo kwetu ni njia nzima ya mpira, na yake yote yamenyooka. Hakuwahi kujifunza kona."

"Maskini. Na ule wa ziwani?"

"Mwanajeshi mstaafu. Amechimba mitego ya mchanga ya kunasa mipira, mirefu hivi, mtu akiingia anaonekana kofia tu. Wa milimani ulichorwa na mjane wa jaji. Goti lilikuwa linamsumbua, kwa hiyo kila shimo linaanzia pale pale lilipoishia lililotangulia. Ndio uwanja pekee ambao wazee hawaulalamikii."

"Na huu wetu?"

"Mzee Koti. Alivaa koti zito hata jua likiwaka. Mashimo yake yote yanapinda kushoto, kwa sababu mkewe alizoea kutembea kushoto kwake."

Mchora vibao akaitazama njia inavyopinda. Kisha akahama kutoka kulia kwa msanifu, akaenda kushoto. Msanifu akasahau alichokuwa anasema, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya fani yake.

"Na wewe watasema ulifanya nini?" aliuliza mchora vibao.

"Kwamba nilivuruga namba."

Hilo lilikuwa kweli. Mzee Koti aliupanga uwanja wake hivi kwamba wachezaji walimaliza na jua la jioni machoni, wakapiga mipira wanakojua wenyewe. Msanifu akaugeuza. Mashimo tisa ya mwisho yakawa ya mwanzo, na tisa ya mwanzo yakawa ya mwisho. Shimo la kumi na tatu likawa la nne, na la nne la zamani likawa la kumi na tatu, ng'ambo ya pili ya kilima. Kwenye mchoro ilipendeza. Uwanjani ilikuwa vurugu, maana wafanyakazi wote, na mchora vibao pamoja nao, waliendelea na namba za Mzee Koti. Msanifu peke yake alitumia mpya. Ikawa utani wao wa kila siku: akisema shimo fulani, mwenzake anauliza, "Lako au letu?"

La nne la zamani ndilo alilolipenda mchora vibao. Kulikuwa na gogo lililoangushwa na dhoruba, na mchana walikaa juu yake wakila mkate na mayai ya kuchemsha. Mayai yaliletwa na yeye, chumvi ilisahauliwa na msanifu. Lakini la nne jipya lilikuwa na siri. Siku moja msanifu alimfumba macho kwa kitambaa chake mwenyewe cha njano, akampandisha kilima, akamfumbua. Pale chini palikuwa na mtego mpya wa mchanga: soli ndefu na kisigino pembeni yake.

"Umenichimbia kiatu?"

"Ulikiacha kwenye mchoro. Mimi ni nani nifute?"

"Wenzako wanawapa wapenzi wao pete."

"Pete inaingia kidoleni tu. Hiki unaingia wewe mzima."

Alimpiga kibao begani, cha mapenzi, akageuka upande ili asionekane anafuta macho.

Nyumbani, shangazi aliyemlea mchora vibao hakuridhika.

"Huyo wako anajenga nini hasa?"

"Viwanja, shangazi. Vya watu kupiga mpira mdogo na kuufuata."

"Na ukipotea?"

"Wanautafuta."

"Mungu wangu. Sasa yule Daktari wa Meno wa mtaa wetu anang'oa jino, linawekwa mezani, kila mtu analiona. Hiyo ndiyo kazi." Shangazi akashusha sauti. "Na ameuliza tena habari zako, mwanangu. Kwa adabu."

Kisha ikaja simu iliyoharibu kila kitu. Kampuni ilimpa msanifu uwanja mpya, nchi nyingine, miaka mitatu. Aondoke kesho yake jioni. Alimpigia mchora vibao asubuhi, akamkuta anachanganya rangi.

"Mpenzi, njoo na mimi. Kama mke wangu. Nitakwenda kwa shangazi kwa magoti ukitaka."

Kopo likamponyoka. "Usiniambie hivyo nikiwa na brashi mdomoni."

"Basi nijibu."

"Sijibu kwenye simu. Nataka nikuone uso ukipigwa na jibu."

"Kesho saa kumi, shimo la nne. Nikitoka hapo nakwenda moja kwa moja uwanja wa ndege. Na kama hutakuja, nitaelewa. Sitakusumbua tena maishani, naapa."

"Bwana Mashimo, acha maneno mengi. Shimo la nne."

"Shimo la nne."

Siku zote mmoja wao aliuliza, "Lako au letu?" Siku hiyo hakuna aliyeuliza. Kila mmoja aliona anajua.

Na kila mmoja aliwaza kwa upendo, hapo ndipo uchungu wenyewe ulipo. Msanifu alijiambia: yeye hutumia namba za zamani, na pale kwenye gogo ni pake, nitakwenda kwenye la nne lake. Mchora vibao alijiambia: yeye hutumia namba mpya, na kiatu alinichimbia yeye, nitakwenda kwenye la nne lake. Laiti mmoja wao angekuwa mbinafsi kidogo, sasa hivi wangekuwa na watoto.

Kesho yake waliacha simu zao getini kama sheria ya klabu inavyotaka, zikafungiwa kwenye droo kama za wanafunzi siku ya kufungua shule. Mchora vibao alivaa gauni la kijani aliloshona kwa ajili ya siku hiyo, akaketi ukingoni mwa mtego, miguu kwenye mchanga, akilifanyia mazoezi neno moja. Ng'ambo ya kilima, msanifu alikaa kwenye gogo na karatasi ndogo ya chumvi mfukoni. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameikumbuka.

Jua likashuka. Msanifu akasimama, akakaa, akasimama. Akaiacha chumvi juu ya gogo, akashuka getini, akachukua simu na mkoba wake, akapanda gari.

Mchora vibao alifika getini kwa kuchelewa, gauni lina mchanga.

"Msanifu umemwona?"

"Ametoka sasa hivi," alisema askari. "Hata salamu hakutoa. Nilidhani mmeagana."

Kumbe alikuwepo, aliwaza mchora vibao, na hakutaka hata kunipitia. Alipiga simu usiku, haikupatikana, kwa sababu ilikuwa angani. Alipofika kule, msanifu alinunua laini nyingine. Aliutazama mwaka mzima ule mstari wa jina la mchora vibao kwenye simu, akakumbuka kiapo, akairudisha mfukoni. Mwanamume mwenye msimamo ni kitu kizuri sana, hasa akiwa wa mtu mwingine.

Daktari wa Meno hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoifunga hadithi hii pande zote. Angekuwa mlevi au mchoyo, kungekuwa na dirisha la kutokea. Alikuwa mpole, mcheshi kidogo, mikono inanuka karafuu. Alisubiri bila kusukuma. Shangazi alilia harusini kwa furaha, na bi harusi naye akalia.

Uwanja ulifunguliwa mwaka uliofuata, mvua zilipokwisha na nyasi kushika. Msanifu aliitwa kuja kukata utepe. Alimkuta mchora vibao barazani, amesimama mbele ya ramani kubwa ya mbao aliyoichora kwa mkono wake, gauni jeupe, pete kidoleni.

"Bi Vibao."

"Bwana Mashimo. Umekonda."

"Chakula cha kule hakina chumvi." Akajaribu kucheka. "Hongera. Nimesikia."

"Asante. Ungekuja siku ile ungenipongeza mapema zaidi."

"Mimi? Mimi nilikuja! Nilikaa mpaka suruali ikaganda kwenye gogo."

"Gogo gani?"

"Gogo lako. Shimo la nne."

Mchora vibao akaigeukia ramani. Kidole chake kikapanda kwenye ramani, taratibu, kikasimama.

"Lako au letu?" aliuliza.

"Lenu. La zamani. Wewe si unatumia..." Msanifu akakitazama kidole. Kilikuwa juu ya kiatu kidogo cha rangi ya mchanga, alichokichora mchora vibao mwenyewe kwa uangalifu kuliko vyote. "Hapana. Hapana, jamani."

"Nilikuwa nimekaa kwenye kisigino," alisema mchora vibao. "Nikijiambia, yeye ni mtu wa namba mpya."

Wakacheka. Waliokuwa karibu walidhani wamesimuliana jambo zuri mno, maana wote wawili walishika ukuta, na machozi yakawatoka. Kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki peke yake.

"Jibu lilikuwa nini?" aliuliza msanifu.

"Usiniulize."

"Naondoka kesho. Neno moja tu, nikae nalo."

Simu ikalia mkobani mwa mchora vibao. Akaipokea bila kumwondolea macho. Sauti ya Daktari wa Meno ilisikika, yenye furaha, ikiuliza kama mke wake mpenzi anakuja kumwona akipiga mpira wake wa kwanza.

"Ndiyo," alisema mchora vibao.

Alilisema kama alivyokuwa amelifanyia mazoezi kwenye mchanga, kwa moyo wote, akimtazama msanifu usoni. Nao uso wake ukapigwa na jibu, kama alivyotaka auone.

"Ndiyo," alirudia kwenye simu, kwa sauti ya kawaida. "Nakuja, mume wangu."

Akaondoka. Msanifu alibaki barazani, na meneja alipomjia na mkasi wa utepe ilibidi amwite mara kadhaa.

Kwenye shimo la nne, mpira wa Daktari wa Meno ulipaa vizuri, ukajifikiria, ukaanguka mtegoni. Akaupiga, mchanga ukamrudia usoni. Akaupiga tena.

"Sasa huyu msanifu alikuwa na ugomvi na nani?" alisema huku akijipangusa, akicheka. "Hebu njoo uone, mke wangu. Hiki kitu kina umbo la kiatu kabisa!"

"Namba thelathini na nane," alisema mkewe, akazunguka kwa pembeni, asikanyage.