Uzito wa Babu Dosan

Kila asubuhi kabla ya shule, Torgyn aliweka mizani sakafuni, babu yake akapanda, naye akaandika uzito daftarini. Alipewa kazi hiyo baada ya dawa kushindwa kuusaidia moyo wa Mzee Dosan. Madaktari wa mji wa Shymkent walimwekea kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, chenye nyaya zinazoingia moyoni, ili pande zake mbili zipige pamoja. Mzee akaanza kupanda ngazi tena. Chumvi, hata hivyo, alikatazwa, maana ingemjaza maji mwilini na kumwongezea uzito.

Tatizo ni kwamba Mzee Dosan na kurt walikuwa chanda na pete. Jirani alileta mfuko mzima wa madonge hayo ya mtindi mkavu, yenye chumvi kali.

"Nipe moja tu, mjukuu wangu."

"Babu, hata jana ulisema moja."

"Jana imepita."

Torgyn alimpa. Jumatano mizani ilisoma kilo sabini na tatu, ilhali Jumapili iliyotangulia ilikuwa sabini na moja.

"Andika sabini na moja," babu alinong'ona. "Mama yako akijua, nitalishwa uji mtupu mpaka nife."

Torgyn alicheka, akaandika.

Alhamisi nesi Saule alipiga simu kutoka hospitalini. "Kifaa cha mzee kimetuletea taarifa kwamba kifuani kuna maji. Uzito umeongezeka?"

Mama aliweka simu kwenye spika, akafungua daftari. "Hapana, dada. Sabini na moja wiki nzima."

"Basi huenda kifaa kimekosea, waya umechomoka. Mleteni kesho. Pengine atapasuliwa tena ukaguliwe."

Torgyn alimtazama babu. Babu alitazama dirisha. Torgyn aliogopa kumchongea mzee, lakini kisu cha upasuaji alikiogopa zaidi.

"Niliandika uongo," alisema. "Ni sabini na tatu. Anakula kurt, na mimi ndiye ninayempa."

Nesi alijibu: "Afadhali umesema. Daktari atamwongezea dawa ya kutoa maji. Kesho aje tumpime tu."

Mama alikata simu. "Babu ni mkubwa wako, Torgyn, lakini mkubwa akikutuma uongo, usiende. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ingeishia chumba cha upasuaji."

Mfuko wa kurt ulirudi kwa jirani siku hiyohiyo. Jumatatu mzee alipanda mizani.

"Sabini na moja na nusu," Torgyn alisoma.

"Andika na hiyo nusu," babu alisema. "Kifaa hiki hakijanidanganya hata siku moja. Na sisi tusikidanganye."