Waitikiaji wa Mzee Uledi

Sogea karibu, mwenzangu, siwezi kupaza sauti. Na usinicheke. Sauti imekwenda lakini mkono wa kukuzaba kofi bado ninao.

Jioni ile nilitumwa kodiani tu. Kile kinanda cha kuvaa kifuani, unakivuta na kukibana. Ilikuwa ya marehemu Mzee Uledi, mtunzi wetu wa taarabu, na kundi letu lilikuwa linamfanyia kumbukizi pale ukumbini Kariakoo. Ramadhan, kiongozi wetu, alitaka kodiani ya Mzee ikae jukwaani kwenye kiti chake, ivishwe maua, watu waione walie.

Na nani alipewa kuongoza wimbo wa mwisho wa Mzee? Mimi, Kuruthumu! Mimi niliyezeekea mstari wa nyuma nikiitikia wenzangu. Sikuwa na nyumba, sikuwa na mume, nilikuwa na sauti na binti yangu Fatuma, basi. Fatuma naye alikuwa mwitikiaji, na usiku ule angesimama nyuma yangu. Nilimlea kwa adabu yule mtoto. Nikimwita mara moja, aitike mara moja. Akichelewa, kofi.

Nilipitia Mtaa wa Kongo kununua kilemba. Pale ndipo anapouza vitenge Shadya, aliyekuwa mwimbaji wetu wa mbele. Zamani Shadya akiachia sauti, ukumbi mzima unasimama. Kisha Mzee akamtungia wimbo, wimbo ukavuma Bongo nzima, na mwaka uleule sauti ikakatika. Kabla yake walikatika wengine wawili. Tukasema ni koo, tukasema ni husuda, tukaendelea kula ubwabwa.

Alinishika mkono. Akanong'ona, maana hana kingine.

"Kuru... unaenda kwa Mzee?"

"Naenda kuchukua kodiani."

"Ukisikia wimbo mle ndani... usiitikie."

"Wimbo wa nani, na mtu kafa?"

"Usiitikie, Kuru. Nakuomba."

Nikauvuta mkono wangu. Nikamwambia mwenye wivu ajinyonge, yeye kashaimba, sasa zamu yangu. Watu wa vibanda vya jirani wakacheka. Shadya akainama akaendelea kukunja vitenge vyake. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limeshaoza.

Nilifika kwa Mzee, mtaa wa Gerezani, magharibi inaingia. Mafundi walikuwa bado wanagonga mabati, kelele moja kwa moja. Nikapiga hodi. Mjane wake, Bi Swaumu, alikuwa amekaa kwenye kochi na nguo zake nyeupe za eda.

"Shikamoo, Bi Swaumu."

"Marahaba, mwanangu. Tulikuwa tunakungoja."

Tulikuwa? Nikatazama sebuleni. Alikuwa peke yake.

"Kodiani iko chumbani kwake, nyuma ya pazia," akasema. "Ingia tu. Mkoba uache hapa."

Nikaacha mkoba, na simu ndani yake. Nikaingia. Chumba kilikuwa kinanuka ubani, na chini ya ubani... tangawizi. Mzee alikuwa anawatafunisha waimbaji wake tangawizi mbichi kabla ya kuwafundisha. Hakuandika nyimbo. Alikukalisha, ukafumba macho, akakutamkia mstari kwa ile sauti yake mbovu ya kukwaruza, nawe ukamrudishia. Ila tangawizi niliyoinusa haikuwa kavu ya kabatini. Ilikuwa ya mtu anayetafuna sasa hivi, karibu na uso wangu.

Nikaliona pazia. Likajaa kidogo, likasinyaa. Likajaa tena.

Dirisha lilikuwa limefungwa.

Nyuma ya pazia kodiani ikavuta pumzi.

Kisha sauti ikaimba. Si ya Mzee, maana Mzee hakuwa na sauti. Ilikuwa ya Shadya. Shadya wa zamani, mzima, na ile kona yake ya mwisho iliyokuwa inawatoa watu machozi.

"Nimekuita waridi, mbona huji barazani..."

Sasa wewe hujawahi kuwa mwitikiaji, huwezi kujua. Maisha yangu yote sauti ile ikishuka, yangu inapanda. Sifikirii. Ni kama mtu akikurushia kitu, mkono unadaka wenyewe.

"Naja, bwana wangu, naja, nipokee mlangoni."

Niliimba vizuri, ole wangu. Sijawahi kuimba vizuri vile.

Sikuhisi maumivu. Kitu kilifumuka kooni, taratibu, mshono baada ya mshono. Mdomo ukajaa ladha ya tangawizi. Nikataka kupiga yowe... upepo mtupu.

Bi Swaumu alikuwa mlangoni.

"Umeitikia vizuri," akasema. "Mume wangu aliwapenda sana waimbaji wake. Mlisema mnamkumbuka. Na yeye anawakumbuka."

"Nirudishie," nikanong'ona.

"Kumbukizi gani isiyo na sauti, mwanangu? Na wewe ni mmoja tu."

Nilimsukuma nikatoka mbio. Sikuchukua kodiani, sikuchukua mkoba. Nilikimbia hadi barabara ya mwendokasi, viatu mkononi, nalia bila mlio. Na ng'ambo ya barabara nikamwona Fatuma wangu.

Alikuwa na kanga yangu begani, anatembea haraka kuelekea kule nilikotoka. Nikaelewa papo hapo. Mama kachelewa, simu haipokei, Ramadhan kamtuma mtoto akafuate kodiani.

Nikaita. Fatuma! Hakuna. Nikaita tena mpaka kifua kikauma. Wapiga debe, spika za wauza dawa za mende, kila mtu mjini alikuwa na sauti isipokuwa mimi. Nikapunga mikono. Basi la mwendokasi likapita katikati yetu, na lingine nyuma yake. Lilipoondoka, Fatuma hayupo.

Nilirudi mbio. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Nikaupiga kwa viganja, kwa viatu, kwa kichwa. Lakini pale mafundi wanagonga bati kutwa kucha, nani atasikia mlango? Nikaweka sikio kwenye ubao.

"Shikamoo, bibi. Mama yuko wapi?" Huyo Fatuma.

"Yuko chumbani, nyuma ya pazia. Mwite."

Hakuwahi kumwita. Aliitwa yeye.

"Fatuma! Fatu, mwanangu!"

Sauti yangu. Yangu mwenyewe, na ule ukali wangu wa kumwitia mtoto.

Nikang'ata ubao wa mlango. Usiitikie, mwanangu. Leo tu, kosa adabu. Leo tu, Mungu wangu, awe mtoto jeuri.

"Abee, mama."

Mara moja. Kama nilivyomfundisha.

Kumbukizi ilifanyika. Vijana wa Ramadhan waliifuata kodiani, wakaiweka kwenye kiti, wakaivisha maua. Wanasema wimbo wa mwisho ulisikika na hakuna aliyesimama kwenye kipaza sauti. Ramadhan anaapa ilikuwa kanda. Watu walilia, wakasema mtunzi hajawahi kuenziwa vile. Siku hizi ukipita Gerezani magharibi utatusikia. Naongoza mimi, anaitikia Fatuma. Shadya hajawahi kuniambia "nilikwambia". Huja, akakaa, akanichambulia mchele.

Mimi na Fatuma tunaishi chumba kimoja, naye hanitazami. Usiku, taa ikizimwa, ananong'ona kwa upepo ule aliobakiwa nao.

"Mama... mbona uliniita?"

Namwambia si mimi. Nimemwapia kwa msahafu. Anageukia ukutani.

Anaijua sauti ya mama yake.