Barua za Kizee

Rafiki yangu Iluminada, hapa Iloilo, Ufilipino, ana kichwa kigumu. Mkwewe Marivic alimwambia, "Nanay, mama yangu, zima hapo kwenye simu, kampuni isiifundishe mashine yake kwa barua pepe zako."

"Barua za kizee zina utamu gani?" Iluminada akajibu, asizime.

Siku ya sherehe ya mtakatifu wa mji umeme ukakatika. Gizani, mbele ya wageni, akaiambia simu imtungie Marivic shukrani. Simu ikasoma kwa sauti: "Asante, kuku wa kuokotwa jalalani."

Marivic akaacha kupakua pansit, tambi za sherehe. Tusi hilo Iluminada alimwandikia dada yake tu kwa barua pepe, marehemu sasa, ambaye peke yake ndiye aliyemwita Iluming.

"Nani kakwambia?" Iluminada akainong'oneza simu.

Simu ikakohoa kidogo.

"Si wewe mwenyewe, Iluming?"