Maji ya Mgonjwa

Mshale wa joto uligonga wekundu kabla hawajafika nusu ya mbuga. Rubeni akazima injini. Mvuke ulitoka chini ya boneti kwa kelele, na majani marefu ya mwezi wa Mei yakawazunguka, yamepita madirisha.

Landrova ilikuwa mali ya kijiji, kile kijiji kipya ng'ambo ya Robanda walikohamishiwa mwaka 1974. Daraja lilikuwa limechukuliwa na mvua, ndiyo maana Rubeni alikata nyikani. Nyuma alilala Mokami, mama wa mkewe, akiharisha na kutapika tangu juzi. Hospitali ilikuwa Mugumu. Mgonjwa alikuwa amekauka midomo.

"Maji yamepungua tu," Rubeni alimwambia mkewe, Boke.

Alisubiri injini ipoe, akafungua rejeta kwa kitambaa, akamimina debe lote la akiba. Wakaenda maili mbili. Mshale ukapanda tena.

Safari hii alikagua kila kitu. Mkanda wa feni ulikuwa umekaza. Mipira ya maji ilikuwa mikavu. Alichomoa kijiti cha oili: nyeusi, haikuchanganyika na maji. Akapiga magoti, akamwomba Mungu amwonyeshe. Hakuona kitu, na rejeta ilikuwa imechemka hadi ikabaki nusu.

"Tuna maji gani?" alimwuliza Boke.

"Kibuyu cha mama. Hicho hapana, Baba Machage."

"Gari likifika, atakunywa ya Mugumu. Lisipofika, kibuyu kitamsaidia nini?"

Boke alipanda nyuma. Akamnywesha mama yake mafunda mawili, kisha akatoa kibuyu.

Gari lilikwenda nusu maili, likachemka.

Ndipo sauti dhaifu ikatoka nyuma ya turubai. Rubeni alikuwa amelitundika mwenyewe, kwa kuwa kwao Wakurya mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasemezani.

"Boke, mwambie mwanaume wako. Ng'ombe aliyezibwa pua hapewi maji. Anafunguliwa pua kwanza."

"Unasemaje, mama?"

"Nasikia harufu ya majani yanayoungua tangu asubuhi. Hiyo mashine haipumui."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Nimfundishe mkwe kazi yake? Aibu yangu ningeiweka wapi?"

Rubeni alikimbia mbele ya gari, akainama. Mbegu za nyasi zilikuwa zimejaa katika matundu ya rejeta, zimeshonana kama blanketi. Upepo haukuwa na pa kupita. Alikuwa amekagua injini yote, ila hakuutazama uso wa gari.

Alichokoa kwa mwiba wa mgunga mpaka vidole vikatoka damu. Boke alishuka na sufuria kwenye korongo walilokwama karibu nalo. Alikuta nyayo mbichi za simba. Akapiga ishara ya msalaba, akachimba. Alirudi na maji ya tope, mara tatu, wakayachuja kwa khanga. Rejeta ikajaa. Yaliyosalia Boke alimpa Mokami. Yalitoka pembeni ya mdomo.

Sasa mshale ulitulia. Rubeni aliendesha huku midomo ikicheza kwa sala, na nyuma Boke alikuwa akimwimbia mama yake taratibu. Walipopita Morotonga, karibu na Mugumu, wimbo ulikatika. Rubeni hakupunguza mwendo.

Hospitalini, nesi alimfunika Mokami shuka hadi usoni, kisha akachukua daftari.

"Poleni sana. Maji alikunywa mara ya mwisho lini?"

Rubeni alimngojea mkewe aseme. Boke aliinamisha kichwa.

"Njiani," alisema. "Yalituishia."

Kalamu ilianza kuandika.

"Hayakuisha," Rubeni akasema. "Kilikuwepo kibuyu. Mimi ndiye niliyeyamwaga kwenye rejeta, wala tatizo la gari halikuwa maji."

Nesi akaacha kuandika. Rubeni alibaki amesimama, mikono imekauka damu na tope, asijue aiweke wapi. Boke hakumtazama. Ila alisogea kidogo kwenye benchi alilokalia, akamwachia nafasi ya kukaa.