Mtu Aliyewangojea Kwenye Mashimo ya Wasirikwa

Katika soko la mitumba mjini Nakuru, Cheptanui na Kibii walishika sweta moja, kila mmoja akivuta mkono wake.

"Boss, hii ni ya wanawake."

"Basi nikununulie. Lakini nipe namba."

Cheptanui alicheka, akaitoa.

Miezi ilipita kwa simu na chai, mpaka Kibii akaanza kutoka nje kila akipigiwa. Jumapili moja Cheptanui alisimama nyuma ya mlango.

"Hajui kitu," Kibii alinong'ona. "Namleta Jumamosi, mwangalie mwenyewe."

Sauti iliyojibu ilikuwa ya mwanamke.

"Ni nani huyo?" Cheptanui aliuliza Kibii aliporudi ndani.

"Mtu wa nyumbani tu. Bebi, Jumamosi twende juu ya Rongai. Kuna mlima walikoishi watu wa kale."

Tangu lini Kibii akapenda mambo ya kale? Ana mke huko, Cheptanui aliwaza. Akakubali, ili ajionee. Alivaa gauni jekundu ili huyo mke amwone vizuri, na raba za kuteremkia mbio.

Juu ya mlima upepo ulivuma juu ya mashimo mapana ya duara, kuta zake za mawe zimemea nyasi.

"Wasirikwa walilaza ng'ombe humu," Kibii alisema, macho yakitafuta kitu kingine.

Ndani ya shimo moja aliketi mama wa makamo, leso begani, kondoo wakila kando yake.

"Ndiye huyu?" mama aliuliza.

"Ndiye, senge," Kibii alijibu.

Senge! Dada wa baba yake Kibii.

"Msichana, mnyama wa ukoo wenu ni nani?"

Hapo Cheptanui akaelewa. Watu wa ukoo mmoja hawaoani. Kama angepelekwa nyumbani kwa kina Kibii kwanza, kijiji kizima kingejua, na jibu baya lingewaaibisha wote wawili. Sasa neno moja lingeweza kumwondolea Kibii milele.

"Nyuki," alisema.

Senge akacheka.

"Sisi ni tembo. Chukua mtu wako, Kibii." Akainuka, akafuata kondoo wake.

"Nilitaka kukuuliza ukoo wenu mwenyewe," Kibii alisema. "Nikaogopa jibu."

"Ukaona afadhali nifikirie una mke?"

"Mke? Mimi?"

"Wewe na simu zako za nje!"

"Pole, mpenzi. Basi nakuuliza hapa hapa. Utakubali nikuoe?"

Moyo wa Cheptanui ulikuwa umeshakubali. Akaketi ukutani, akakung'uta nyasi kwenye gauni.

"Nitakujibu tukifika Nakuru. Na wewe kaa na wasiwasi kidogo."