Kipande Kilichogoma Kuchomeka

Jua lilikuwa linazama nilipopanda ngazi kwenda kwa Hajja Zulikha kuchukua kanda. Ilikuwa kazi ya kawaida tu: video ya usiku wa hina wa binti yake, iliyopigwa mwaka mmoja nyuma, na sasa aliitaka kwenye DVD. Hapa mjini Constantine sherehe za wanawake huhaririwa na wanawake wenzao, maana humo ndani watu wako vichwa wazi. Ndiyo riziki yangu.

Binti mwenyewe, Nasima, alikuwa amekaa dirishani. Mumewe alikuwa amemrudisha kwao. Nilimsalimia. Hakugeuka.

Nzi akatua pembeni mwa jicho lake, akatembea hadi kwenye kope.

Hakupepesa.

"Yuko hivyo tangu usiku ule," Hajja alininong'oneza. "Hasikii raha, hasikii maumivu. Tumemsomea, tumempeleka hospitali... wapi!"

"Mungu atamponya, Hajja."

Alinipa kanda lakini hakuiachia mara moja. "Kuna mahali imeharibika. Ukipakuta, pakate. Ila ukate wewe mwenyewe, Wahiba. Kwa mkono wako."

Nilidhani anaogopa nisije nikampa fundi mwanaume.

Nyumbani, Mama alinikuta nawasha kompyuta. "Harusi tena? Kila wiki unashughulikia za wenzio, yako lini?"

"Nikimpata asiyekoroma, Mama."

"Basi utazikwa na kompyuta yako!" Alicheka peke yake, akaniwekea kikombe cha kahawa yenye maji ya maua ya machungwa, akarudi jikoni kukoroga supu.

Kanda iliingia kwenye kompyuta bila tabu. Ubishi ulianza kwenye kuchoma, yaani kuihamishia kwenye diski. Diski ilitoka, nikaijaribu, picha ikaganda katikati ya hina. Nikabadilisha diski. Ikaganda palepale. Nikasafisha lenzi ya mashine, nikapunguza kasi ya kuchoma, nikatengeneza kwanza faili zima kwenye kompyuta ndipo nikachoma.

Palepale.

Picha inasimama, lakini vigelegele vinaendelea.

Nikafungua mahali hapo na kupapitia picha moja moja. Nasima alikuwa amevaa gauni la mahameli lenye nyuzi za dhahabu, mishumaa imemzunguka. Wageni wote walikuwa wanameremeta. Isipokuwa mmoja. Mwanamke mwenye nguo nyeusi, kaipa kamera mgongo, ameushika mkono wa Nasima wenye hina mbichi. Wanawake walipita mbele yake na sinia za keki. Hakuna aliyemtazama.

Nikarudisha nyuma, nikaichezesha tena.

Safari hii bega lake lilikuwa limegeuka kidogo.

Nilijiambia ni macho, yamechoka. Nikarudisha.

Sikio.

Nikarudisha...

Shavu.

Niliogopa kurudisha tena. Chumba kilikuwa kinanuka utambi wa mshumaa uliotoka kuzimwa. Sisi hatukuwa na mshumaa ndani. Nikapunguza sauti ya spika mpaka mwisho. Vigelegele vikakatika, na badala yake nikasikia mtu anavuta pumzi. Taratibu... karibu na shingo yangu.

"Kata."

"Mama?" niliita.

"Nini wewe?" Mama alijibu kutoka jikoni. Mwiko ulikuwa unagonga sufuria.

Nikashika kipanya. Nikaweka alama pale mwanamke anapoingia, nikaweka nyingine pale anapotoka. Nikakata. Diski ikachomeka mara moja, safi kabisa.

Kesho yake Hajja aliiweka kwenye mashine mbele yangu. Picha ilipopita pale nilipounganisha, Nasima alishtuka, akavuta hewa kama mtu aliyetolewa majini. Kisha akalia. Alilia kwa sauti, akajishika uso, akasema, "Mama, baridi! Funga dirisha, nasikia baridi!"

Hajja alipiga magoti, akanibusu mikono. Usoni hakunitazama hata mara moja.

Nilijua ni jambo la kufurahia. Nikasubiri furaha ije. Nikashuka ngazi bado nasubiri.

Jioni hiyo Mama alipiga yowe jikoni. "Wahiba! Mkono!"

Nilikuwa nimeuweka juu ya moto, kando ya birika. Ngozi ilikuwa imeshaanza kutoa malengelenge. Nikautoa kwa sababu yeye alikuwa anapiga kelele.

Alipomaliza kunifunga kitambaa nilikwenda kwenye kompyuta, nikafungua kile kipande nilichokikata. Mwanamke alikuwepo, mgongo kwa kamera kama mwanzo. Nasima hakuwepo.

Mkono alioushika haukuwa na hina.

Ulikuwa umefungwa kitambaa.

Nikakifuta. Asubuhi nikakikuta. Nimefuta mara nyingi, na sasa sijisumbui tena.

Mama alifariki majira ya baridi ya mwaka ule. Watu walilia mpaka sauti zikawakauka. Mimi niligawa kahawa. Mashangazi walisema nina moyo mgumu, wengine wakasema ni subira. Supu ya msiba ilikuwa na ladha ya maji, kama kila kitu.

Nasima alikuja kunipa pole. Alikuwa amenawiri, ana mimba changa, na alilia sana, kana kwamba marehemu alikuwa mama yake. Aliponikumbatia, alininong'oneza.

"Nilikuwa humo kwenye kanda mwaka mzima, dada. Nilikuwa nasikia kila kitu kwa mbali. Mama yangu aliambiwa lazima mwanamke mwingine akate, na asijue anachokikata. Nisamehe."

"Yule ni nani?"

Aliniachia. "Sijui. Mimi niliuona uso wake. Wewe... usingoje ageuke."

Akaondoka bila kumaliza kahawa.

Jana alinipigia simu binti mmoja wa mji wa Annaba, Lubna, mhariri mpya anayetafuta kazi za harusi. Nikamwambia ninayo kanda moja, kuna mahali inagoma.

"Hakuna kanda inayonigomea mimi, dada!" alisema, akacheka. Ana kicheko kizuri, cha mtu anayependwa na watu.

Nikatafuta moyoni mwangu angalau huruma kidogo. Nilitafuta kwa muda mrefu mpaka akadhani simu imekatika.

"Haloo? Dada Wahiba?"

"Nipo," nilisema. "Njoo. Ila utakata wewe mwenyewe."