Njoo na Njaa

Ijumaa ya Kwaresima, ukumbi wa chini wa kanisa letu hapa Milwaukee hauna pa kuweka mguu. Watu wanataka samaki wa kukaanga na viazi vyao, na foleni imetoka nje mpaka kwenye theluji. Kwenye bakuli la kabichi alisimama Leona Jablonski, fundi wa magauni ya harusi, kavaa aproni ya buluu, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

Mbele yake akafika Wendell Pruitt, fundi wa lifti, jitu refu lenye ovaroli ya mafuta. Alinyoosha sahani, ila macho hayakuwa kwenye sahani.

"Dada, wewe umekula?"

"Nitakula nikimaliza."

"Foleni hii itaisha Pasaka."

"Basi nitakula Pasaka. Sogea, kaka, nyuma yako kuna watu."

Ijumaa iliyofuata alirudi na swali lilelile. Ya tatu akaja na shati la pasi, akangoja mpaka meza zikafutwa. Ndipo akaona kwamba mwanamke aliyewapakulia watu mia mbili anaondoka bila kuonja kitu. Alimsindikiza hadi kwenye gari, wakacheka njia nzima, na kufika Mei mtaa wote ulikuwa unajua kwamba ni wapenzi.

Siri ya kutokula Leona aliitoa mwenyewe, jioni moja wamekaa kwenye ngazi za duka la magauni.

"Wendell, mimi nina ugonjwa wa kula. Tangu nina miaka kumi na sita. Kwa kunitazama huuoni, ndiyo maana watu hawaamini."

"Mimi naamini."

"Daktari anasema kliniki ya mara moja kwa wiki haitoshi tena. Moyo umeanza kuchoka. Natakiwa nikakae kwenye nyumba ya matibabu, miezi miwili."

"Basi tuitafute hiyo nyumba, mpenzi."

Walipata mbili. Ya kwanza ilikuwa jangwani, Arizona, na picha zake zilijaa farasi na bwawa la kuogelea. Ya pili ilikuwa ya matofali mekundu hapahapa mjini, zulia limechakaa. Leona alizipigia simu zote mbili na kuuliza swali moja: "Wakati wa kula, nani anakaa nasi mezani?" Kule jangwani walimjibu habari za farasi. Kwenye matofali mwanamke alisema, "Muuguzi, kila mlo, naye anakula. Na Jumapili unamwalika mtu wako." Leona akachagua matofali. Mgonjwa wa kiasi kile, na bado alichagua vile anavyochagua kitambaa, anakigeuza kwanza aone mshono wa ndani! Mimi nilimvulia kofia.

Lakini bima yake ikakataa kulipa. Barua ilisema uzito wake hauonyeshi haja ya kulazwa. Yaani angoje kwanza azidiwe, ndipo aje kuomba nafasi ya kupona. Simu ilimkuta Wendell juu ya lifti, ghorofa ya kumi na mbili.

"Wamekataa."

"Tuoane Jumanne," akasema papo hapo.

"Nini?"

"Bima ya chama chetu cha mafundi inawalipia wake zetu. Tunaenda mahakamani, tunasaini, dakika kumi tu, halafu..."

"Wendell, hapo unaoa mke au unamkatia mtu bima?"

"Si ndiyo njia ya haraka, mpenzi?"

"Kila siku nashona magauni ya wanawake walioombwa. Mimi naandikishwa!" Akakata simu.

Kwetu huku watu huoana kwa ajili ya bima, na wala si aibu. Kilichomchoma Leona ni kwamba yeye alitaka kutakwa. Na maskini Wendell alikuwa anamtaka tangu Ijumaa ya tatu. Aliogopa tu kusema, akajificha nyuma ya kadi ya bima. Aliona haya kupiga tena. Leona akauhesabu ule ukimya kuwa ni huruma iliyokwisha.

Akakata rufaa peke yake. Kila mchana, katikati ya magauni meupe, aliipigia kampuni ya bima, akasikiliza muziki wao wa kungojesha huku sindano ikienda. Aliandika barua ya kurasa nne. Alimsimamia daktari wake mpaka akazungumza na daktari wa bima, tena bila kumeza maneno. Siku ya kumi na tisa wakakubali siku thelathini. Sehemu ya gharama iliyombakia aliilipa kwa kuuza cherehani ya kutarizi, akafunga begi, akaingia.

Wendell alipata habari kwa mama yake Leona. Jumapili nne zikapita, kiti cha mgeni wa Leona kitupu. Alhamisi simu ya Wendell ikalia.

"Halo, fundi."

"Leona! Mpenzi, nisamehe, mimi..."

"Jumapili, saa saba mchana. Njoo na njaa. Na hiyo ovaroli iache nyumbani."

Alikuja na suti ya kijivu inayombana mabega. Mlangoni muuguzi alimpa sharti: mezani hakuna kuzungumzia chakula wala miili ya watu. Leona alikuwa amevaa gauni la manjano alilolishona kwa mkono mlemle ndani, kwa vipimo vya mwili alionao sasa. Alikuwa amepika pierogi, zile sambusa za kuchemsha zenye viazi na jibini, kwa mapishi ya bibi yake. Wendell akasimulia habari za jaji aliyekwama kwenye lifti na mbwa wa jirani, meza ikacheka. Leona akaigeuza pierogi moja kwa uma, akaila. Akapumua, akala ya pili. Watu wamepewa medali kwa mambo madogo kuliko hayo.

"Bima yangu imeniongezea wiki tatu," akasema. "Kadi yako siihitaji."

"Najua."

"Sasa mbona uliniomba vile?"

"Niliogopa. Nilijua ukikataa bima, utakuwa hujanikataa mimi."

"Mjinga wee."

"Mjinga wako."

Leona akaweka uma chini. "Basi nakuomba mimi. Nioe, Wendell. Gauni nitalishona nikitoka, kwa vipimo vyovyote nitakavyokuwa navyo."

Wendell akaitikia kwa kichwa huku machozi yanamwagikia tai. Leona akaitazama sahani ya Wendell. Hakuwa amegusa kitu.

"Kaka, wewe umekula?"

"Nitakula nikimaliza."

Muuguzi akagonga glasi kwa kijiko. "Mezani hapa hatuzungumzii chakula!"

Meza nzima ikaangua kicheko. Leona naye akacheka, akachukua pierogi ya tatu.